Macho Hayana Pazia: Helmeti Gani kwa Fundi wa Mageti wa Mtwapa?

Fundi niliyempa kazi ya geti ana neno moja analolitoa kabla ya kugusisha rodi kwenye chuma: "Macho!" Hulisema bila kuinua kichwa, kama konda anayetangaza steji. Kijana wake aliyeshika paipu hugeuza uso upande wa barabara ya Malindi, wapita njia hukaza mwendo, na fundi mwenyewe hufumba. Naam, hufumba. Ngao yake ya mkono ameiegemeza kwenye ndoo, kwa sababu mkono mmoja una rodi, wa pili umeshika kipande kisisogee, na Mungu hakumpa wa tatu. Anakisia pa kushikiza, anagusa, cheche zinaruka, anafumbua. Mara tano kati ya kumi amepata penyewe. Zile tano nyingine ni kazi ya grainda.

Mwezi uliopita kijana hakufika, nikajitia kimbelembele kushika mimi. Zilikuwa kona nne tu. Kila aliposema "Macho!" niligeuza uso, lakini si upesi kila mara, na mara mbili udadisi ulinishinda. Waliosema macho hayana pazia hawakukosea. Usiku, yapata saa saba, niliamka nikidhani nimetiwa mchanga wote wa ufuo wa Kikambala chini ya kope. Machozi yalitiririka, taa ya simu ikawa sindano. Jirani alishauri kipande cha kiazi mbatata kibichi, mwingine akasema maziwa. Kiazi kilinipoza kidogo, lakini ni kwa vile kilikuwa baridi. Kitambaa cha maji kingefanya kazi ileile bila kupunguza mboga.

Ndiyo mafundi huita kupigwa na moto. Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno, ileile ya jua inayounguza ngozi, ila hapa iko pua kwa pua nawe. Huunguza utando wa mbele wa jicho, na hila yake ni kwamba haiumi palepale. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi sita hadi kumi na mbili, mtu akiwa ameshakula na kulala. Kwa kawaida hupona yenyewe kwa siku moja au mbili. Ikipita hapo, nenda hospitali. Na ukipewa matone ya ganzi huko ili uchunguzwe, usitafute chupa ya kukaa nayo nyumbani. Ganzi ikitiwa tena na tena huharibu kioo cha jicho chenyewe.

Nilipomsimulia fundi alicheka kwa huruma. "Karibu kazini, kaka," akasema. Kisha akatoa dukuduku lake. Ameweka shilingi 5,000 za helmeti ya otomatiki, ile inayojitia giza yenyewe, lakini kila hadiwea anayoingia, kutoka Majengo hadi mjini Mombasa, anatajiwa bei tofauti kwa vitu vinavyofanana kama pacha. "Wewe husoma yale maandishi madogo madogo. Niangalizie ipi."

Nimeangalia. Bei nitakazotaja ni makadirio ya mzunguko wangu. Zitumie kama kipimo cha kupigia bei, si kama risiti.

Kwanza kitu chenyewe. Helmeti hizi zilianza Uswidi. Mwaka 1981 kampuni ya Hörnell ilitoa Speedglas, jina ambalo tangu 2004 ni mali ya 3M ya Marekani. Kioo chake kimebeba fuwele za kimiminika, jamii moja na zile zinazochora tarakimu kwenye kikokotoo. Kando yake kuna vijicho vya kuhisi mwanga, ambavyo wauzaji huviita sensa. Sensa ikiona moto, umeme mdogo hupita kwenye fuwele nazo hufunga mwanga. Ukiacha kuchoma, hufunguka. Kwa hiyo fundi hukaa na helmeti usoni muda wote, anaona kazi kabla ya kugusa, anagusa, giza linaingia lenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikumsikia muuzaji hata mmoja akilieleza. Kioo hicho kinafanya kazi mbili, na ni vyema usizichanganye. Ile miale isiyoonekana, inayounguza na inayopasha joto, huzuiwa na tabaka lililopakwa kwenye kioo kiwandani. Tabaka hilo halihitaji betri. Linakinga saa zote, kioo kiwe na giza au kiwe cheupe. Kinachotegemea umeme ni giza tu. Maana yake, helmeti halisi ikizimika betri katikati ya kazi haitakupa ule usiku wangu wa mchanga. Itakachokuachia ni mwanga wenyewe, mkali, unaofika hadi nyuma ya jicho, na huko nyuma hakuponi kwa siku mbili kama huku mbele. Na ikiwa umevaa helmeti vizuri, umefunika kichwa, bado usiku macho yanawasha, basi ama mwanga unakuingilia kwa nyuma kutoka ukutani au kwa fundi jirani, ama kioo chako si kioo.

Giza lina namba. Kila ukipanda namba moja, mwanga unaopita hupungua ukabaki kama thuluthi hivi ya ule wa kwanza. Namba 4, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya helmeti nyingi za otomatiki kabla ya moto, hupitisha kama sehemu 5 kati ya 100. Namba 10 hupitisha kama sehemu 14 kati ya 100,000. Miwani ya jua ya giza la kawaida hupitisha kati ya 8 na 18 kwa 100. Piga hesabu mwenyewe: anayechomelea kwa miwani ya jua anapokea mwanga mara mia tano hadi zaidi ya elfu moja ya yule aliye nyuma ya namba 10.

Nimeanza na miwani kwa sababu ndiyo kinga niliyoikuta zaidi kando ya barabara. Inauzwa shilingi 100 au 200, inapendeza, na hata ile iliyo na chapa ya kuzuia miale huacha mwanga upenye kando na chini, achilia mbali mashavu na shingo. Fundi mmoja wa makamo alinionyesha shingo yake, pembetatu nyekundu palipofunguka kola. Alidhani ni jua la Mtwapa. Si jua. Miwani iondoe kwenye ushindani.

Vipi namba za kazi za kwetu? Mageti, grili, stendi za tangi, ngazi za nje: kazi nyingi ni rodi ya geji 12, yaani milimita 2.5, inveta ikiwa kati ya ampea 60 na 100. Hapo namba 10 inatosha watu wengi. Ukipandia geji 10, milimita 3.2, ampea zikapita 100, nenda 11. Ukiona giza tu na ncha ya rodi huioni, shusha namba. Ukimaliza kuchoma ukaona madoa yanaogelea mbele yako, pandisha. Kwa hivyo muuzaji akikutolea macho kwamba hii inafika 13 na ile inaishia 12, mwitikie kwa adabu na usiongeze hata shilingi.

Kinachofuata ni kinga za kioo kisichobadilika. Ngao ya mkono ni 300 hadi 500, helmeti ya kufunua na kufunika 600 hadi 1,200, kioo cheusi cha akiba chini ya 100. Mimi nilikwenda sokoni nikiwa na dharau nazo, nikarudi nimeziheshimu. Kioo cheusi cha namba 11 hakina betri ya kufa wala waya wa kushika kutu. Kikianguka kikapasuka, unatuma mtoto dukani. Mwenye kazi ya mshono mrefu, anayeunga boriti mezani saa nzima, hana haja ya kitu kingine. Lakini angalia kioo kina namba na alama ya kiwango iliyochapwa pembeni. Kipande cheusi kisicho na maandishi yoyote ni kipande cha dirisha mpaka kithibitishwe vingine.

Tatizo la helmeti ya kufunua ni mkono wa binadamu. Unaweka ncha ya rodi mahali pake, unatikisa kichwa helmeti ishuke, na katika kutikisa huko mkono umeshasogea. Geti la nondo 20 lina viungo 40, juu na chini. Kila kiungo ukishikize mara mbili kabla ya kukaza, hizo ni mara 80 za kutikisa kichwa kama mjusi kafiri. Kufikia adhuhuri shingo imekataa, helmeti inabaki juu, na fundi anarudi kwenye dawa yake ya zamani: "Macho!", kisha anafumba.

Kazi ya kushikiza ndiyo nyumbani kwa otomatiki. Mikono miwili iko huru, jicho liko wazi mpaka sekunde ya mwisho, rodi inagusa penyewe. Inachookoa si macho peke yake. Inaokoa rodi, diski za grainda na muda wa kuparura makosa.

Otomatiki za rahisi zinaanzia 1,500 hadi 3,000. Utazitambua kwa michoro: tai, mafuvu, ndimi za moto. Mara nyingi chini ya rangi hizo zote ni kioo kilekile, kasha la milimita 110 kwa 90 lenye dirisha la 92 kwa 42, sensa mbili. Si kibaya hivyo, na kwa anayechomelea Jumamosi kwa Jumamosi kinatosha kabisa. Kasoro yake imejificha kwenye neno moja ambalo hutajwa kama sifa: sola. Kile kibamba cheusi juu ya dirisha husaidia tu. Ndani kuna betri ndogo ya lithiamu iliyofungiwa moja kwa moja. Siku betri hiyo ikichoka, kasha zima ni taka. Nimeona kijana mmoja amelipasua kwa kisu, akaunganisha betri mpya kwa waya, akafunga kwa gundi na solteipu, likafanya kazi. Ufundi huo naupa heko. Ila kasha lililopasuliwa nisingeliamini na jicho langu.

Kitu kingine kinachopigiwa debe kwenye boksi ni kasi. Hii hutia giza ndani ya sehemu moja ya 25,000 ya sekunde, ile moja ya 10,000. Inaonekana tofauti kubwa. Chukua hiyo ya pole, na tuseme fundi anawasha moto mara 300 kwa siku. Jumla ya mwanga wote uliomfikia kabla ya giza ni sehemu 3 za mia za sekunde moja, siku nzima. Kinachoumiza watu si kasi. Kinachoumiza ni siku ile helmeti haikuona moto kabisa.

Hapo ndipo idadi ya sensa inapolipa. Ukiwa umelala chali chini ya geti, au umeingiza mkono kwenye kona ya grili, paipu au mkono wako mwenyewe hukaa kati ya moto na sensa. Sensa mbili zikizibwa, kioo kinabaki cheupe, na namba 4 uliyobaki nayo ni miwani ya jua tu, kwa hesabu tulizopiga pale juu. Sensa nne zikitawanywa pembeni, ni nadra zote zikazibwa kwa pamoja. Kwa fundi wa mageti, hilo ndilo jambo la kwanza la kulipia.

Daraja la kati ni 3,500 hadi 6,500. Humo kuna majina yaliyojaa hadiwea za Kenya, kama Ingco na Total, pamoja na mengine ambayo hutayasikia tena mwakani. Usinunue jina, si kila helmeti ya daraja hili ina sensa nne, na nimekuta ya 5,500 yenye mbili. Tafuta mlango wa betri unaofunguka kwa sarafu au ukucha, betri iwe ile bapa ya CR2032 au CR2450 inayopatikana hata kwa fundi wa saa. Tafuta vidude vitatu vya kuzungusha: cha namba ya giza, cha wepesi wa sensa, na cha muda wa kioo kurudi kweupe. Ikiwa na nafasi ya kusagia, inayozuia giza lisiingie kila grainda ikitoa cheche, vizuri. Dirisha la 100 kwa 60 ni raha ya kweli kwa aliyezoea kuchungulia kwenye mwanya.

Pembeni mwa kasha huwa kuna namba nne zilizotenganishwa kwa mikwaju, kwa mfano 1/1/1/2, karibu na maandishi EN 379. Ni alama za mtihani wa kioo: uwazi wa kuona, jinsi mwanga unavyotawanyika, usawa wa giza toka kona hadi kona, na giza linavyobaki sawa ukitazama kwa upande. Moja ni bora, tatu ni dhaifu. Za Kimarekani huandikwa ANSI Z87.1, na zile mpya za Ulaya zinaanza kuja na ISO 16321. Maandishi hayo yawe kwenye kasha na ganda la helmeti, si kwenye boksi tu. Zile herufi mbili za CE peke yake zisikulaze. Mashine ya kuchapa stika haiulizi maswali.

Juu kabisa kuna Speedglas, Optrel ya Uswisi, ESAB na Miller. Hizo ni makumi ya maelfu, nyingi za kuagiza. Nimeivaa moja kwa dakika kumi na nitasema ukweli: rangi ya chuma inaonekana kama chuma, si kijani cha chupa ya soda, na kichwa hakihisi mzigo. Anayefanya kazi ya chuma cha pua kwa moto mdogo wa TIG, mathalani reli za mashua kwenye hori la Mtwapa, ana sababu ya kuihitaji, maana moto mdogo huzipita sensa za rahisi zisiuone. Na miaka mitano baadaye bado atapata kipuri. Fundi wa geti akitia 25,000 kichwani wakati mashine yake inapigwa kiraka cha waya, amekosea mahali pa kuanzia.

Tuje kwenye hesabu ya mwezi. Ya 1,800 ikidumu mwaka mmoja, ni 150 kwa mwezi. Ya 4,200 ikidumu miaka mitatu, ongeza betri mbili kwa mwaka za 200 kila moja, jumla 5,400, ni 150 kwa mwezi vilevile. Sawa sawa. Umri huo nimeukisia mimi kutokana na zile nilizoonyeshwa zimekufa, lakini hata ukiupunguza kidogo picha haibadiliki sana: pesa ni zilezile, tofauti ni dirisha, sensa nne, na kutonunua upya kila Ramadhani. Ukiweka pembeni ya hiyo siku moja ya kulala ndani na kitambaa usoni, kwa fundi anayepata 1,000 au 1,500 kwa siku, mjadala umekwisha.

Pwani nayo ina mambo yake. Mafundi wetu hufanya kazi nje, chini ya mwembe au juani kabisa, na jua la saa saba linaweza kuichokoza sensa kioo kikawa cheusi bila moto. Punguza wepesi wa sensa. Jua likiwa mgongoni mwako hali ni mbaya zaidi: mwanga huingia kwa nyuma ya helmeti, ukagonga kioo kwa ndani, na unachokiona ni pua yako mwenyewe. Tiba yake ni leso kuukuu iliyofungwa nyuma ya helmeti ikaning'inia hadi mabegani. Hewa ya chumvi hula vyuma vya betri. Vifute kwa kitambaa kikavu kila mwezi, na helmeti ilale kwenye mfuko, si kwenye msumari wa kibanda. Vitabu vingi vya maelezo huandika mwisho wa joto kuwa nyuzi 55. Ndani ya gari lililofungwa madirisha juani, kioo hakipendi.

Dukani usikubali kuonyeshwa boksi tu. Wengi humulika kwa tochi ya simu, kioo kisipobadilika wakasema mbovu. Tochi ya simu haitoi mwanga wa aina ambayo sensa nyingi zinautafuta. Tumia rimoti ya runinga, bonyeza ukiielekeza kwenye sensa, au washa kiberiti cha gesi karibu yake. Zungusha namba ya giza huku ukiangalia kama kweli inabadilika. Ziba sensa moja kwa kidole, ujaribu tena. Kisha zibua hiyo, uzibe nyingine. Tazama giza lina madoa au liko sawa. Mwisho ivae, inama, tikisa kichwa. Mkanda unaoteleza dukani utateleza juu ya ngazi.

Nilidhani nimemaliza. Nikampelekea fundi helmeti ya kuazima ajaribu kabla ya kununua. Giza likaingia kama lilivyotakiwa, mikono miwili huru, na bado akakosa kiungo, mara ya kwanza, ya pili. Alivua akaikung'uta kama redio. Nikamwuliza, "Fundi, ile ncha ya rodi unaiona?" Akajibu, "Naiona, lakini ziko mbili." Amevuka miaka 50. Nikampa miwani yangu ya kusomea aivae chini ya helmeti. Alikaa kimya, akagusa, akagusa tena, viungo vinne mfululizo penyewe. Kumbe nusu ya makosa ya miaka hii si ya kufumba macho, ni ya umri. Helmeti nyingi za daraja la kati zina mfereji mdogo kwa ndani wa kutia lenzi ya kukuza, ya namba kama 1.5 au 2, ambayo ni shilingi mia chache. Nyingi za tai na mafuvu hazina. Ikiwa gazeti sasa unalisomea kwa mbali, huo mfereji uutafute kabla ya chochote.

Helmeti haikingi kila kitu. Moshi hauzuii. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea pamoja na miale yake katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2017. Paipu za mabati ukizichoma, choma palipo na upepo na usimame kunakotoka upepo. Tena aliyevaa helmeti haoni pembeni. Mtwapa tumezungukwa na paa za makuti, na cheche moja ikirukia kuti kavu fundi atakuwa wa mwisho kujua. Anayeona ni kijana anayeshika, mwenye ndoo ya mchanga miguuni.

Huyo kijana ndiye aliyenisumbua kwenye hesabu zote hizi. Bosi akinunua otomatiki, "Macho!" haisemwi tena, kwa sababu yeye hafumbi tena. Kijana aliyezoea kugeuka kwa sauti hiyo atakuwa anashika paipu hatua moja kutoka kwenye moto, bila onyo na bila kioo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na fundi mwenye kibarua mmoja chini ya mwembe ni mwajiri pia, apende asipende.

Basi uamuzi wangu kwa mwenye 5,000 ni huu: asizimalize kwenye helmeti moja. Tulitoa 3,600 kwa otomatiki ya sensa nne, mlango wa betri na mfereji wa lenzi, baada ya kuanzia 4,500 na kuaga mara mbili. Helmeti ya kufunua ya kijana, kioo namba 11, 800. Lenzi ya kukuza 300. Zile 300 za mwisho zilinunua plastiki sita za kukinga kioo kwa nje, maana hizo hutobolewa na cheche na zinafaa kubadilishwa kabla fundi hajaanza kuchungulia. Fundi ameombwa, na amekubali, aendelee kusema "Macho!" kwa ajili ya wapita njia. Geti langu bado halijapakwa rangi.